Maumbo Sita Chini ya Madawati

Mimi ni mwoga, na ni bora niliseme hilo mapema kabla hamjanidhania mengine. Nilikuwa mwoga tangu kule Karagwe nilikozaliwa ukimbizini, nikawa mwoga niliporudi Rwanda na wazazi wangu, na uoga huo nimezeeka nao. Sasa huyu mwoga ndiye aliyepewa darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Gisenyi, shule ambayo ukisimama kwenye ngazi zake unaona mabati ya Goma yaking'aa upande wa pili wa mpaka. Asubuhi ukipita karibu na kituo cha mpaka cha Grande Barrière unaona watu wanavuka na mizigo yao kama kawaida, wengine wanacheka. Mimi nikipita hapo huwa natazama chini na kuongeza mwendo.

Hapa kwetu hatari ni mbili, na watoto wamezipa majina yao. Iko ya juu na iko ya chini. Ya juu ni bomu au risasi iliyopotea njia, ikitoka ng'ambo wanakopigana. Ya chini ni tetemeko, kwa sababu ya ule mlima wa moto ulio nyuma ya Goma, ambao ulipopasuka miaka kadhaa iliyopita ulitutingisha siku nyingi mpaka barabara zikapasuka na watu wakahamishia magodoro uani. Kila hatari ina kanuni yake. Ya chini ikija, toka nje upesi, kaa mbali na ukuta. Ya juu ikija, usitoke kabisa, lala chini, kaa mbali na dirisha. Mtoto wa chekechea atakuimbia zote mbili bila kukosea.

Shida ni kwamba kanuni hizo zinapingana kama wake wenza, na zote mbili huanza kwa mshindo. Ukikosea, umemtoa mtoto penye usalama ukampeleka penye kifo kwa mkono wako mwenyewe. Na anayetakiwa kuamua, kabla hata hajameza mate, ni mwalimu aliyesimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Nje au chini. Muhula ule wote niliamka na swali hilo, nikanywa nalo uji, nikapanda nalo mlima kwenda kazini. Nilimwomba Mungu kwamba siku hiyo ikifika, inikute nimeomba ruhusa ya ugonjwa.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa muda, wakati ng'ambo kulipochafuka zaidi. Wenye ndugu Nyakiriba walipeleka watoto huko, wakakae kwenye mashamba ya viazi mbali na kelele. Sisi wengine tulijifungia ndani tukasikiliza. Kisha tukaambiwa hali imetulia, tukafungua. Siku ya kwanza tu, kabla ya mapumziko, mshindo ulitoka ng'ambo, mbali kidogo. Watoto wangu walilala chini ya madawati vizuri, kama walivyofundishwa. Lakini mtoto hawezi kulala chini ya dawati bila kazi. Mmoja aliinuka kuchungulia dirishani aone moshi. Mwingine alianza kulia, na kilio kikawaambukiza wawili, na yule wa dirishani akachomoka mbio kuelekea getini kwenda kwao, mlinzi akamdaka kwa nyuma ya sweta. Mimi nilikuwa nimelala chini ya meza yangu, naona miguu yake ikipita, siwezi hata kuita.

Mkuu wa shule, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alituita walimu wote baadaye. Alisema kila mmoja atafute kitu cha kuwashikilia watoto pale chini, kitu cha kusema kwa pamoja, kirefu cha kutosha mpaka mambo yatulie. Mwenzangu wa chumba cha pili, anayekuja kila siku kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Nyamyumba, alichagua nyimbo za kanisani. Yule wa la tano akachukua majedwali ya kuzidisha. Mimi nikasema nitatumia Kiingereza, maumbo ya kitenzi. Wakanitazama. Mkuu wa shule akasema, "Bon, kama inawasaidia na mutihani."

Ukweli ni kwamba ilinisaidia mimi kwanza. Kiingereza kilinikuta mtu mzima. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili huko Tanzania, nikarudi nikakuta Kifaransa, nikakikimbiza Kifaransa mpaka nikakishika mkia, ndipo nchi ikageukia Kiingereza. Nakifundisha kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: najua mawe yangu, usiniulize habari za maji. Na jiwe lililokuwa linateleza kuliko yote ni hilo la kitenzi kisicho na mwenyewe.

Kwenye Kiswahili chetu, kitenzi ambacho hakijapewa mtu wala wakati unakiwekea ku- mbele, mambo yameisha: kuandika. Waingereza hawakuridhika. Kitenzi hicho hicho wamekishonea nguo sita. To write. To be writing. To have written. To have been writing. To be written. To have been written. Yaani kuandika, kuwa unaandika, kuwa umeandika, kuwa umekuwa ukiandika, kuandikwa, kuwa kimeshaandikwa. Nilipoyaona mara ya kwanza katika kitabu cha mwalimu, nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha. Yeye ni wa waliorudi kutoka Uganda, na Kiingereza kwake ni kama kupumua. Nyumbani tunasema Kinyarwanda, lakini akitaka kunitania huhamia Kiswahili, maana anajua ndicho ninachojivunia. Hushona sare za shule kwenye baraza yetu, na jioni nilipotoka kazini nilikaa karibu na cherehani yake nikakariri. Hakuwa ananitazama. Alikanyaga pedali, macho kwenye kitambaa, na mimi nikienda sawa cherehani iliendelea kulia. Nikikosea, mguu wake ulisimama. Kimya tu, na sindano imechomeka kwenye kola ya mtoto wa watu.

Niliogopa kimya hicho kuliko wakaguzi. Na karibu kila mara kilinikuta mahali pamoja, umbo la nne. Nilikuwa nikifika pale ulimi unapotea, nasema la tatu mara mbili, au naruka kwenda la sita.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, mguu umesimama, "we unakimbia nini pale?"

"Sikimbii. Yanafanana."

"Hayafanani. We unaogopa kukosea kabla hujakosea. Rudia."

Nikarudia. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikamwambia, nayo ni hekima. Akacheka, akasema hekima hiyo niipeleke darasani nione kama watoto wataruka. Lakini hakukanyaga pedali mpaka niliposema lote bila kujikwaa, na sare ya mtu ilichelewa kwa ajili yangu.

Darasani nikapanga hivi. Nikisema "Chini," wote chini ya madawati, uso sakafuni, mikono juu ya kichwa. Mimi nasema umbo, wao wanaitikia. Vitenzi viwili, kuandika kisha kubeba, kila kimoja na maumbo yake sita, taratibu, kwa sauti ya kawaida. Hakuna kuinuka mpaka la mwisho la kubeba. Likishaitikiwa, safu ya mbele inasimama, kila mtu mkono begani kwa mwenzake, wanatoka kwa kutembea, kisha safu inayofuata. Hakuna kukimbia, maana mlango wetu ni mwembamba na nilikuwa nimeota mara nyingi watoto wamekabana hapo.

Tukafanya mazoezi kila siku. Nakwambia, watoto walilipenda zoezi lile. Kiingereza cha ubaoni kilikuwa adhabu, lakini Kiingereza cha chini ya dawati kilikuwa mchezo, sauti zao zinapiga sakafu na kurudi. Hata wale wagumu, waliokuwa wakiandika "to has" kwenye daftari bila haya, chini pale walikuwa wanaimba bila kosa.

Lakini mimi mwoga sikuridhika. Nilijiuliza, je, wakisikia kelele nje wataendelea kulala? Je, mtu akiwaita? Mzazi akija mbio dirishani akimwita wake, si wataondoka wote? Basi nikaanza kuwajaribu. Katikati ya kubeba nilikuwa nakatiza na kupiga kelele, "Nje! Tokeni nje!" Siku ya kwanza nusu ya darasa iliinuka, na walioinuka wakafagia darasa huku wenzao wakiwacheka. Siku ya pili waliinuka wachache. Baadaye nikajaribu kila hila. Niligonga mlango kwa nguvu. Nilisema, "Mkuu wa shule anawaita, haraka!" Nilisema kuna nyoka. Hakuna aliyenyanyua hata kidole. Walilala pale wakibana kicheko, wakisubiri umbo linalofuata, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yao nimejaa fahari. Mkuu wa shule alikuja kuona akasema darasa langu ndilo imara kuliko yote, na walimu wengine waje wajifunze.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu, ziwa halionekani, na nilikuwa nageuka kuandika ubaoni tarehe ya siku. Mshindo ulikuja. Madirisha yaliimba kwenye fremu zao. Chaki ilikatika mkononi mwangu.

Wote walinitazama. Ninayaona macho yale mpaka leo, hayakuwa na hofu hata kidogo, yalikuwa yananisubiri mimi niseme. Wazee wa hapa wana namna ya kutofautisha: ya chini unaisikia kwanza miguuni, ya juu unaisikia kwanza kifuani. Nikasikiliza mwili wangu. Kifua kilikuwa kinapiga kama ngoma. Ulikuwa moyo wangu tu, lakini nani ana nafasi ya kupambanua hayo? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nasi majuma yale yote tulikuwa tumeumwa na ya juu.

"Chini!" nikasema.

Walishuka kama maji. Nikasema la kwanza, wakaitikia. To write. To be writing. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya meza, mkono mmoja umeshika mguu wake. Wao sauti zao zilikuwa nzuri, pamoja, bila papara. Tukamaliza kuandika, hata la nne lilipita bila shida. Tukaanza kubeba. To carry, wakaitikia. To be carrying, wakaitikia. To have carried, wakaitikia.

Ndipo ikaja mara ya pili, na safari hii haikuwa na mshindo. Sakafu ilisogea. Ilisogea chini ya viganja vyangu, taratibu, kama ng'ombe anayebadilisha ubavu wa kulalia. Ubao ukagonga ukutani mara kadhaa. Vumbi jembamba lilianza kuteremka kutoka ukuta wa nyuma, ambao una ufa tangu mlima ulipopasuka, ufa ambao kila mwaka tunaahidiwa utazibwa. Kupitia dirishani nilimwona mwenzangu wa Nyamyumba akiwatoa wake kwenda uwanjani, kitambaa chake cha kichwani kimeanguka, anawapungia mkono: pitieni, pitieni. Nikajua. Ilikuwa ya chini. Nilikuwa nimewalaza watoto wa watu chini ya ukuta unaopasuka.

"Nje!" nikapiga kelele. "Inukeni, tokeni nje!"

Hakuna aliyeinuka.

"Nje! Ni ya chini! Tokeni!"

Nikasikia kicheko kidogo, kile cha kubana pua, kikitoka safu ya katikati. Kisha sauti ya msichana mmoja, ikinong'ona kwa nguvu ili wote wasikie: "Musisimame! Ticha iko anatujaribu."

Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na mimi naijua hofu kwa majina yake yote. Nilikimbilia dawati la karibu nikamshika mvulana aliyekuwa chini yake, nikamvuta kwa mkono. Akaushika mguu wa dawati kwa mikono yote miwili, akaukumbatia, uso wake umejaa raha ya mtu ambaye safari hii hatafagia. Nilimvuta mpaka dawati likasogea naye. "Si mchezo!" nilimwambia. "Nakuapia, si mchezo!" Lakini hilo pia nilikuwa nimewahi kulisema, siku ya nyoka.

Kipande cha plasta kilianguka nyuma, kikapasuka sakafuni. Wawili wa safu ya mwisho waligeuza vichwa. Hawakuinuka. Walirudisha nyuso chini, mikono juu ya vichwa, kama nilivyowafundisha.

Nikafikiri kuruka. Nikapaza sauti nikasema la mwisho moja kwa moja, to have been carried. Kimya. Hata mmoja hakuitikia, maana walijua tulikuwa kwenye la nne, na mwalimu anayeruka ni mwalimu anayetega. Walikuwa wanalijua zoezi langu kuliko mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mbele yangu, na ulikuwa na maumbo matatu.

Nikarudi mbele. Nilisimama wima, maana nikichuchumaa nilijua sitainuka tena. Nikafungua kinywa niseme la nne, na la nne halikuwepo. Lilikuwa limetoka kichwani kama lilivyozoea. Niliona la tatu. Niliona la sita. Katikati palikuwa na shimo, na kando ya shimo hilo watoto wamelala kimya kabisa, wananisubiri, vumbi linawaangukia mgongoni. Sikufikiria Mungu wala mama yangu. Nilifikiria mguu wa mke wangu umesimama juu ya pedali, na nikawa na hasira, hasira ya kweli, kwamba watu waliokaa kisiwani kwao mbali huko wamehitaji maneno manne kubebea mzigo mmoja.

"To have," nikasema, nikameza mate. "To have been carrying."

Wakaitikia wote. Polepole, pamoja, wakivuta silabi ya mwisho kama tulivyozoea. Nilitaka kuwaziba midomo. Nilitaka waseme haraka, wameze nusu, lakini nilikuwa nimewafundisha taratibu, na walikuwa wanafunzi wazuri.

"To be carried."

Wakaitikia. Ukuta ulitoa sauti ya mbao kavu inapovunjwa gotini.

"To have been carried."

Wakaitikia la mwisho, na safu ya mbele ikasimama. Mkono begani kwa mwenzake. Wakatembea. Mungu wangu, walitembea! Mmoja alipangusa magoti. Nilisimama mlangoni nikiwasukuma mgongoni, nikisema "haraka, haraka," na wao wakanitazama kwa mshangao, maana haraka ilikatazwa. Safu ya pili. Ya tatu. Wale wa mwisho, waliolala chini ya ufa, walikuwa weupe kwa vumbi nywele zote, na wa nyuma kabisa alirudi kuchukua mkoba wake. Nilimfuata nikamnyanyua yeye na mkoba wake, nikatoka naye kwapani.

Tulikuwa tumefika kwenye nyasi ukuta uliposhuka. Haukuanguka wote, ni ile sehemu ya juu tu, matofali na ubao mmoja wa paa. Yaliangukia madawati ya nyuma. Tulisikia mbao zikivunjika, kisha vumbi likatoka mlangoni na madirishani kwa pamoja. Watoto wangu waliangalia. Hakuna aliyecheka tena. Msichana yule aliyesema ninawajaribu alikuja akashika pindo la koti langu, wala hakuliachia.

Ningependa kusema hapo ndipo ilipoishia. Shule nzima ilikuwa uwanjani, mwenzangu wa Nyamyumba alikuwa analia na kuwashukuru malaika, mkuu wa shule alikuwa anapita akigusa vichwa. Ndipo kukatoka ng'ambo mshindo mwingine, mkavu, na baada yake mluzi juu ya ukungu. Huo haukuhitaji mzee wa kuutafsiri. Huo ulikuwa wa juu, na sisi tulikuwa tumewamwaga watoto wote kwenye uwanja mtupu.

Walimu tulitazamana. Ndani kuta zinashuka, nje mbingu zinanguruma. Kanuni zote mbili zilikuwa zimekwisha.

"Ticha," msichana akaniuliza, akiwa ameshika koti, "hii sasa tunafanya nini?"

Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote nilikuwa sijawahi kumwambia mtoto kwamba sijui. Mwalimu asiyejua husema tutaliona kesho. "Sijui," nikamwambia. "Naogopa. Tulaleni tu." Tukalala kwenye nyasi zenye umande, darasa zima, wakajisogeza kwangu mpaka nikawa na vichwa juu ya miguu na tumboni. Nilitandaza koti juu ya wale niliowafikia. Sare zao, nyingine alizishona mke wangu, zililowa zote. Bomu lile liliangukia mbali, upande wa ziwa, na lililofuata mbali zaidi, kisha pakawa kimya. Sikuwaambia waimbe kitu. Hakuna aliyeinuka.

Wazazi walianza kufika, kwa miguu na kwa moto, wakiita majina kabla hawajaingia getini. Nilisimama pale nikikabidhi mtoto mmoja mmoja, nguo zangu zimelowa kwa umande na kwa mengine ambayo si umande. Baba mmoja alinikumbatia. Mwingine alitazama darasa kupitia dirishani, akaona madawati ya nyuma, akaondoka na wake bila kuniaga, na sikumlaumu.

Wa mwisho kuja alikuwa mama wa msichana aliyeshika koti langu. Mama huyo ni wa Goma. Huko ndiko alikokuwa akiishi mpaka kulipochafuka, kisha akavuka na watoto, na sasa amepanga chumba huku na anauza nguo za mitumba. Alikuwa ametembea haraka, jasho limemtoka, lakini hakupiga kelele kama wengine. Alimpapasa mtoto kichwa, mikono, mgongo. Kisha akaangalia ukuta wetu kwa muda, bila haraka, kama mtu anayeangalia kitu anachokifahamu.

"Mwalimu," akasema, "kesho nimulete, ao nimuache ku nyumba?"

Nilijua jibu la mwalimu. Jibu la mwalimu ni kwamba shule iko salama, serikali inashughulikia, mlete. Na nilijua jibu langu mimi, kwamba kama ningekuwa na pa kwenda ningekuwa nimekwisha kwenda. Nilikuwa nimelaza mtoto wake chini ya ukuta kisha nikamlaza chini ya mabomu, yote katika asubuhi moja, na mara zote mbili nilikuwa nafanya nilivyoweza.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sitakudanganya. Leo nilikosea. Kesho ikija sijui kama nitapatia."

Alinitazama. Nilitegemea atukane, na ningekubali. Mwanawe alikuwa bado ameshika koti langu, na mama akavibandua vidole vya mtoto pole pole, kimoja kimoja, akavitia kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Wale wenye kujua tulishawaona, mwalimu," akasema. "Nitamuleta."

Wakatoka getini, wakashuka barabara ya mawe meusi, mtoto akigeuka kunipungia mkono. Mimi nilibaki nimeshika nguzo ya geti. Nilikuwa nimepanga tangu uwanjani pale kwamba kesho nitaamka mgonjwa.

Sasa ilibidi nije.